Hatua Kumi na Mbili

Nianze kwa kuungama, maana nimefika umri wa kuogopa uongo wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoisimulia habari hii, ilikuwa msibani, watu wamekaa mkekani wanasubiri uji, nikasema umeme usio na waya wa nchi ile haukufanya kazi hata kidogo. Watu wakacheka, nikaongezewa uji. Nilikosea. Tena nilikosea vibaya, kwa sababu ulifanya kazi. Ulifanya kazi vizuri sana, mpaka hatua kumi na mbili.

Ungegoma kabisa, Fundi Hagai Semkiwa yasingemfika yaliyomfika. Basi uji wa watu niliunywa bure, na leo naulipa.

*

Siku ya uzinduzi, Waziri wa Umeme wa Hewani, Mheshimiwa Dastani Lukwaro, alisimama chini ya mnara mpya ameshika taa ya mrija, ile ndefu nyeupe ya maofisini, haina waya wala betri, kaishika kama mtu anayerudi shamba na muwa. Mnara ukanguruma. Taa ikawaka. Mama mmoja akazimia, akamwagiwa maji, akazinduka, akaiona bado inawaka, akazimia tena.

Waziri akaanza kutembea na taa yake kuwafuata wananchi. Hatua moja, mbili, tatu, bendi inamsindikiza. Ya kumi na mbili, taa ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Ya kumi na tatu, ikazimika. Akarudi nyuma hatua moja, ikawaka. Akajaribu tena kusogea, ikazimika. Ikabidi agande palepale kwenye ya kumi na mbili, akahutubia saa tatu nzima bila kunyanyua mguu.

"Ndugu wananchi! Waya ni nini? Waya ni kamba. Na anayefungwa kamba ni nani?"

"Mbuziii!"

"Je, ninyi ni mbuzi?"

Watu wakatafakari. Kisha viongozi wa mitaa wakasema kwa niaba yao kwamba hapana.

"Basi kuanzia leo taifa limekata kamba!"

Aliyeujenga mnara ule alikuwa Mhandisi Theodosia, mama mtaratibu, miwani imefungwa na uzi. Yeye alikuwa ananyoosha karatasi yake tangu asubuhi. Alipopewa dakika moja akasema: "Mheshimiwa, umeme huu ni kama harufu ya samaki anayekaangwa. Jikoni unashiba, barazani unatamani, mtaa wa pili unasimuliwa. Ukienda mbali mara mbili unabaki na robo. Ukienda mara kumi, unabaki na moja katika mia. Hapa karibu tutafanya maajabu. Kule mbali tutadanganyana."

Waziri akamwangalia kwa upole. "Samaki wa nani, Mhandisi?"

Jioni hiyohiyo Mhandisi Theodosia aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo wizara bado inaitafuta kwenye ramani.

*

Tatizo la masafa lilipofika Bungeni halikumaliza hata chai ya saa nne. Mbunge mmoja alisimama akasema: "Mheshimiwa Spika, mnara hauna kosa. Kosa ni la hatua zetu. Hatua hizi fupi tulipimiwa na mkoloni ili tusifike mbali!" Meza zikagongwa. Ikapitishwa kwamba kuanzia siku hiyo hatua moja ya taifa itakuwa na urefu wa kilomita tano.

Hatua kumi na mbili, piga hesabu mwenyewe, zikawa kilomita sitini. Nusu ya nchi ikapata umeme mchana ule bila kujijua.

Sheria ile ilikuwa na usumbufu wake mdogo. Kwenye sikukuu ya taifa gwaride liliamriwa hatua tano mbele, na mpaka leo hawajarudi. Siku upepo ukitoka kusini, wake zao husikia tarumbeta kwa mbali. Wengine huwa wanaweka chakula, wanafunika na kawa.

Kisha zikaanza kushushwa nyaya. Zilizungushwa zote zikafanywa dude moja la duara, kubwa kama kilima, likapewa jina la Mpira wa Ukombozi. Nguzo ziliachwa zimesimama barabarani, mikono mitupu, kama watu walioitwa mkutanoni wasiambiwe ajenda. Mbayuwayu waliozoea kutua kwenye nyaya walikuja jioni, wakazunguka, wakazunguka, wakawa wanatua kwenye vichwa vya watu.

*

Kazi ya kushusha nyaya walipewa walewale waliozipandisha, na mmoja wao ndiye Hagai. Miaka hamsini na miwili, goti moja bovu, fundi wa laini tangu ujana. Baba na mama walikufa mapema, akalelewa na dada yake, Eliseba, kule Kwamlonge. Dada aliwapikia watu kwa kuni miaka arobaini, na kwa kuni hizo Hagai alisoma mpaka akapata cheti cha ufundi. Moshi ule wote ulikwenda mahali: mapafuni mwa Dada. Sasa alikuwa anapumua kwa mashine, kijisanduku cha oksijeni kinachonguruma kama paka, na kile kijisanduku kilikuwa kinakula umeme wa laini ya Kwamlonge. Pumzi ya aliyemlea ilikuwa inapita kwenye waya, na waya aliupandisha yeye.

Nawaeleza na desturi ya kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Fundi wa laini hapandi nguzo kwa ujasiri. Anapanda kwa kufuli. Kila mmoja ana kufuli lake jekundu lenye jina. Kabla hajapanda, anakwenda kwenye kibanda cha swichi, anazima laini, anapiga kufuli lake, ufunguo anautia mfuko wa shati, hapa juu ya moyo. Hakuna mwingine wa kulifungua. Halafu anapanda, na akiwa juu, kabla hajagusa kitu, anaita kwa redio ya mkononi: "Kituo, niko juu. Naomba mthibitishe laini imekufa. Naomba jibu." Kituo wanatazama ubao wao, wanajibu: "Imekufa, fundi, fanya kazi." Bila jibu hakuna kugusa. Mafundi husema kufuli ni mama, jibu ni baba, na yatima hapandi nguzo.

Miaka sita nyuma, siku ya ziara ya mgeni mmoja mkubwa, Hagai alikuwa zamu kwenye kibanda cha swichi. Mlangoni lilining'inia kufuli la Chedieli Mavura. Chedieli alikuwa fundi mwenzake na mtani wake, makabila yao yametaniana tangu mababu. Hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. Simu ikalia. Alikuwa Meneja wa Kanda, na meneja huyo enzi hizo ni huyuhuyu Lukwaro.

"Semkiwa! Mgeni rasmi ameshika kipaza sauti hakitoi sauti! Washa laini!"

"Mzee, kuna kufuli la Mavura."

"Mavura keshashuka, yuko hapa anakunywa chai. Kata kufuli!"

Hagai alikuwa na redio, lakini aliiacha kwenye gari. Ni hatua kumi kutoka kibandani, hatua za zamani. Hakwenda. Alichukua mkasi mrefu wa chuma, akakata kufuli, akawasha.

Chedieli hakuwa anakunywa chai.

Iliundwa Tume. Tume ilikaa miezi minane ikaikuta nguzo na hatia, nguzo ikang'olewa. Lukwaro akapandishwa cheo kwa utulivu aliouonyesha. Msibani, ilikuwa zamu ya mtani kufanya kazi yake: avae kofia ya marehemu, aige mwendo wake na sauti yake, wafiwa wacheke kidogo mioyo ipoe. Hagai alivaa ile kofia ya plastiki ya njano. Akasimama katikati ya watu. Akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Alikaa mdomo wazi mpaka mjane akaja akamvua kofia mwenyewe.

*

Wiki ya pili baada ya mnara kuwashwa, mabati yakaanza kusema.

Umeme wa hewani ukifika mbali unakuwa umechoka, hauwezi kuwasha taa. Lakini kunong'ona hakuhitaji nguvu nyingi. Popote chuma chenye kutu kilipogusana na chuma kingine, bati na msumari, sufuria na mfuniko, seng'enge na seng'enge, palitoka sauti nyembamba ya mwanamume:

"Kituo, hapa Mavura. Niko juu. Naomba mthibitishe laini imekufa. Naomba jibu."

Kisha kimya kidogo. Kisha tena.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Wataalamu walihitaji sauti ya kuujaribia mnara, wakaenda stoo ya kumbukumbu za Kituo, wakachukua kanda ya juu kabisa kwa sababu ilikuwa haina vumbi. Haikuwa na vumbi kwa sababu Tume iliiazima, ikairudisha bila kuisikiliza. Kanda ikafungwa mnarani, ikapigwa muhuri, ikawa inazunguka. Mtu alipoomba ibadilishwe, akajibiwa kwamba sauti iliyoidhinishwa haibadilishwi mpaka mwenye sauti atie saini.

Nchi nzima ikawa inaitwa. Harusini mabati yaliomba jibu, kanisani kengele iliomba jibu, msikitini bomba la maji ya kutawadhia liliomba jibu. Na wazee wa nchi ile, kama wa kwetu, wamefundisha vizazi vyote kwamba sauti usiyomwona mwenyewe haiitikiwi; ukiitika, umekwenda. Basi watu walitulia, wanatazama vidole vyao, sauti inapita juu ya vichwa. Serikali ilipoona wananchi hawaitiki ikafurahi sana, ikatoa waraka kuwakataza kuitika.

Aliyeitika alikuwa mmoja tu.

Hagai alifika Kwamlonge siku hiyo akamkuta Dada Eliseba kitandani, mpira wa oksijeni puani, anatazama dari.

"Kaa," akamwambia. "Mtani wako yuko juu."

"Dada, hilo ni bati tu."

"Bati gani linakohoa kabla ya kusema 'naomba'? Chedieli huyo. Alikuja hapa miaka kumi, anaomba chai kwa sauti hiyohiyo." Akavuta pumzi, akainua uso, akaliambia bati: "Tumekusikia, mwanangu. Subiri kidogo."

"Dada! Haiitikiwi!"

"Mtu anaita tangu asubuhi." Akapumzika kidogo, mashine ikanguruma. "Hivi ninyi huko kazini mlimfanya nini, mbona hakuna anayemjibu?"

Hagai alikuwa na miaka sita ya jibu hilo kifuani. Akainuka akaenda kuangalia kama sufuria ya maji imechemka, na jikoni nako sufuria ilikuwa inamwita.

*

Amri ya kukata laini ya Kwamlonge ilitoka mwezi huohuo. Kijiji kiko kilomita hamsini na nane kutoka mnarani, yaani hatua kumi na moja na kitu. Kwa mujibu wa sheria kilikuwa ndani.

Kwanza akaja mkaguzi, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, kuthibitisha kwamba umeme wa hewani umefika. Akachomoa mashine ya Dada ukutani. Ikanyamaza. Akaandika.

"Imezimika," akasema Hagai.

"Inafanya kazi."

"Isikilize!"

"Mzee, inafanya kazi kisheria. Hiyo ya kunguruma ni tabia yake tu ya zamani, itaizoea hewa."

Dada Eliseba akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka. "Mwanangu," akasema, midomo imeanza kuwa rangi ya zambarau. "Na mimi sasa... nivute pumzi kisheria?"

Mkaguzi alifikiri. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Kama unaweza, bibi, itatusaidia sana kwenye taarifa."

Hagai akaurudisha waya ukutani.

Ilibaki hivi: ile laini kubwa inayopita mbele ya nyumba ya Dada, kutoka kibanda cha swichi mpaka uwanja wa mikutano wa Kwamlonge, haikukatwa. Kamati ya Kuaga Waya iligundua kwamba ikikata nyaya zote haitakuwa na waya wa kuaga, na wanakamati wamekwishateuliwa kwa miaka kumi. Basi ukabakizwa huo mmoja, ukaitwa Waya wa Kuagwa, na kila mwezi ulikuwa unaagwa kwa hotuba, na hotuba inahitaji vipaza sauti, na vipaza sauti vinahitaji waya. Lakini matawi ya kwenda majumbani yakatwe. Tawi la nyumba ya Dada lilikuwa na viungo viwili tu, juu ya nguzo ya mbele ya mlango. Kazi ya dakika nne. Karatasi ya kazi iliandikwa jina la Hagai.

Hakulikata tawi. Aliiweka karatasi mfukoni, akapanda basi kwenda mnarani.

*

Pale mnarani palichorwa duara la chokaa, hatua kumi na mbili za zamani kila upande. Ndani ya duara palijaa serikali. Wizara saba zilihamishia meza zao, mafriji yamepangwa kama makaburi, na hakuna hata moja lenye waya. Taa zilikuwa zinawaka zimelala chini kwenye majani. Nywele za makatibu wakuu zimesimama. Vijiko vya chai vilitetemeka vyenyewe kwenye visosa, na ukipita karibu na mtu mwenye mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma, unamwona anajikuna tumbo, limepata moto.

Ilikuwa ajabu kweli, na Hagai, fundi, aliipenda. Alisimama kidogo akawaza: Mhandisi yule angeachiwa, angeweka mnara mdogo kwenye kila wodi. Mgonjwa angelala ndani ya duara lake, hakuna waya wa kumkwaza nesi. Hatua kumi na mbili ni nyingi kwa mtu anayelala.

Alimwona na Bwana Sinde, mtu wa Kituo, yule ambaye kazi yake ni kujibu redio. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu kumi na nane za wakubwa zinachajiwa juu ya mapaja yake. Redio ya Kituo ilikuwa miguuni pake, imefunikwa na koti.

"Sinde, mbona umeizima?"

"Sijaizima, kaka, nimeifunika. Inasema kitu kimoja tu siku nzima. Na sasa waya hakuna, nani atapanda nguzo?"

Waziri Lukwaro alimpokea kwa ukarimu, mkono mmoja mdomoni. Siku hizo Waziri alizungumza hivyo, kiganja juu ya midomo.

"Mheshimiwa, naomba dada yangu aletwe hapa. Kitanda kimoja tu. Ndani ya duara."

"Ana nini?"

"Anahitaji umeme apumue."

"Semkiwa, dada yako anaishi wapi?"

"Kwamlonge."

"Kwamlonge kuna umeme. Sasa nikimlaza hapa, watu watasemaje? Watasema kule haupo!" Akasikitika kwa dhati. "Angekuwa anaishi nje ya hatua kumi na mbili ningemsaidia. Mwambie ahame mbali zaidi, halafu aombe."

"Mheshimiwa, wewe unanijua. Mimi ndiye niliyekata lile kufuli. Ulinipigia simu."

Waziri akashusha mkono ili amkanushe vizuri. Akafungua mdomo, na kabla hajasema neno, kutoka kwenye jino lake la chuma, lile la nyuma, ikatoka sauti nyembamba: "...hapa Mavura. Niko juu. Naomba mthibitishe..."

Wakatazamana. Kimbunga kidogo cha vumbi kikapita kati yao. Waziri aliufunga mdomo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, akarudisha kiganja mahali pake.

"Ofisi itakujibu kwa maandishi," akasema ndani ya mkono.

*

Aliporudi Kwamlonge Jumatano asubuhi alikuta viungo vimeshakatwa. Waliletwa mafundi wengine. Dada alikuwa nje, amekaa kwenye kigoda ameegemea ukuta, mtungi mdogo wa oksijeni katikati ya magoti. Zahanati ilimpa, ndio uliobaki. Mshale wa kipimo umelalia kwenye nyekundu.

"Utakaa mpaka lini huu?"

Dada akanyanyua vidole viwili. Kisha akafikiri, akakunja kimoja.

Saa moja. Hagai akapiga hesabu. Kuaga waya kulikuwa Jumamosi, aliiona ratiba. Leo laini haina anayeitumia; ataizima, aunge tawi la Dada, arudi kuiwasha. Alichukua baiskeli ya jirani, akaenda kibanda cha swichi, akazima, akapiga kufuli lake jekundu, ufunguo mfuko wa shati. Akarudi anahema. Akafunga mkanda, akavaa vipandio, akatundika redio begani.

"Sikiliza, Dada. Usiongee, utamaliza hewa. Chukua kijiko. Ukiwa sawa, gonga mtungi. Nikisikia, nafanya kazi."

Dada akachukua kijiko. Akagonga: ngi.

Alipanda. Goti lilimuuma mpaka nusu ya nguzo, halafu likasahau. Juu kulikuwa na mbayuwayu mmoja, ambaye hakuruka. Hapo mbele ya uso wake viungo viwili vilining'inia, na hatua moja kutoka hapo, hatua ya mtoto, ndio Waya wa Kuagwa, umekaa kimya. Waya ukiwa hai na ukiwa mfu unafanana. Hilo ndilo la kwanza unalofundishwa.

Ngi, chini.

Kutoka juu aliona mpaka uwanja wa mikutano. Akaona na magari meupe. Mengi. Akaona mahema, na watu wanapanga viti, na jukwaani mtu mnene, kiganja kimoja mdomoni, mkono mwingine umeshika kipaza sauti. Ratiba ilikuwa imewahishwa. Alimwona Waziri akikigonga kipaza sauti kwa kidole. Alimwona akikitazama. Hakikutoa sauti. Alimwona akigeuka kutafuta simu.

Na kule upande wa pili, kwenye njia ya kibanda cha swichi, alikuwa anatembea mtu mmoja wa ovaroli, peke yake, ana kitu kirefu begani. Hakwenda mbio. Alikuwa anatembea kama mtu aliyeambiwa kwamba aliyeko juu keshashuka. Hagai aliujua ule mwendo. Alikuwa nao miaka sita.

Dakika nne kuunga. Mtu yule labda dakika tatu kufika, labda sita. Kwa mbali hivi huwezi kujua. Labda ataona jina kwenye kufuli aogope. Labda ana redio. Labda kaiacha kwenye gari.

Ngi.

Ilichelewa, hiyo. Hagai akatazama chini. Dada alikuwa ameinua uso, kinywa wazi, anatikisa kichwa: usiguse. Mpaka wakujibu, usiguse. Na mkononi kijiko kimelegea.

Akabonyeza redio.

"Kituo, hapa Semkiwa," akasema. "Niko juu." Akakohoa kidogo. "Naomba mthibitishe laini imekufa. Naomba jibu."

Ndipo akaisikia, kinywani mwake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Chedieli, ileile, mpaka na kikohozi chake kabla ya "naomba". Ile aliyodaiwa msibani akaikosa, imetoka leo, nzima, bila kuitafuta. Chini, Dada Eliseba akacheka. Kicheko kidogo tu, cha pumzi mbili, na hakuwa na mbili za kutupa.

Akaachia kitufe asikilize. Redio ikachakacha. "...hapa Mavura," ikasema. "Niko juu. Naomba jibu." Bati la nyumba likasema hivyohivyo, na seng'enge ya jirani, na mkebe uliotupwa njiani. Mafundi wawili walikuwa juu, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Kule mbali mtu wa ovaroli alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa amesimama. Anasoma, au anapima pa kukatia.

Hagai alisikiliza chini. Alisikiliza tena. Kijiko hakikugonga. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyanyuka kwenda kwenye waya, upana wa kiganja umebaki, na midomoni mwake lilikuwa limemjia lile neno la mafundi wote wanaochoka kungoja, haya, kufuli langu si lipo. Akaliuma. Akabonyeza redio kwa mkono wa kushoto.

"Kituo," akasema. "Mtu yeyote. Naomba jibu."